Pampu ya Kidevuni na Ndevu za Katani

Hebu niambieni, ninyi mliokaa vizuri na vikombe vyenu vya chai: mashine ikiharibika, huwa inatazama kidevu cha anayekuja kuitengeneza?

Msicheke kwanza. Mnacheka kwa sababu hamjafika Kidevuni. Somoe binti Likanda alifika, na aliyoyakuta huko ndiyo haya ninayowasimulia, bila kutia chumvi wala kuondoa sukari. Njia aliyopita siielezi. Njia ni njia, kila moja ina vumbi lake. Tumkute ameshafika langoni, kiatu kimoja kimelegea kamba, na kijibegi chake begani.

Ila kwanza mjue alikuwa mtu wa namna gani. Somoe alikuwa mwembamba, mrefu kidogo, na mikono isiyotulia. Akiwa bado mdogo aliwahi kufungua cherehani ya mama yake yote, kipande kwa kipande, akavipanga juu ya mkeka kama mtu anayepanga dagaa juani, kisha akairudisha. Ikabaki skrubu moja mkononi. Cherehani ikashona kama kawaida, na mpaka leo hakuna anayejua skrubu ile ilikuwa ya nini. Basi aliposikia kwamba Kidevuni kuna chuo cha maji, mahali mtu anapofundishwa namna ya kuyachukua maji bondeni na kuyapandisha mlimani yenyewe, bila ndoo wala kichwa cha mwanamke, usingizi ulimpaa. Alikitaka chuo kile kama mgonjwa anavyotaka uji.

Tatizo lilikuwa mdomo. Mikono yake ilikuwa jasiri, mdomo ndio uliokuwa mwoga. Alilelewa kwamba binti mwenye adabu haombi. Husubiri aulizwe, na akiulizwa hutazama chini na kusema, "Chochote tu." Kwao watu walimwelewa, wakamuuliza mara ya pili na ya tatu. Safari hii alikuwa amekwenda mahali ambapo hata mara ya kwanza hawaulizi sawasawa.

Mlinzi wa lango alikuwa na ndevu zilizofika kitovuni, amezipiga fundo ili zisiingie kwenye uji wake.

"Unataka nini Kidevuni?" akauliza.

"Shikamoo, baba. Nilikuwa naomba... kama inawezekana..."

Mlinzi akageuka nyuma, akatazama bawaba. "Mlango gani huo unalia?"

"Ni mimi, baba."

"Unalia tena! Lazima utiwe grisi." Kisha akamtazama Somoe kwa huruma ya kweli, maana hakuwa mtu mbaya, akamweleza polepole kama anavyoelezwa mgeni. "Binti yangu, naona midomo yako inacheza. Usijichoshe. Sheria ya kwanza ya nchi hii inasema asiye na ndevu hasikiki. Si kwamba tunamdharau, la hasha. Tunampenda sana, tunamwimbia nyimbo, siku ya sikukuu tunampa kanga. Ila hasikiki. Sasa ngoja nikusaidie kujibu." Akamtazama juu mpaka chini. "Una mikono mirefu. Umekuja kushika taulo. Karibu sana!"

Akamwekea taulo jeupe begani, na hivyo ndivyo Somoe aliyekuja kusoma uhandisi alivyoingia Kidevuni kuwa mshika taulo.

Nitawaeleza kazi hiyo, maana haiko kwingine. Mji wa Kidevuni umejengwa juu ya mlima, na maji yako bondeni, katika kisima kipana kilichojengewa mawe, chenye ngazi za kushukia. Kando ya kisima kuna banda, na ndani ya banda kuna Pampu Kuu. Bomba moja linatoka kwenye pampu, linashuka kisimani kunyonya maji. Bomba jingine linapanda mlimani kuyapeleka kwenye tangi la mji. Ni mashine nzuri, ya rangi ya kijani, na Somoe alipoiona mara ya kwanza moyo ulimdunda kama aliyekutana na mchumba.

Sasa, kila asubuhi, kabla mtu yeyote hajaigusa pampu, waheshimiwa wote hushuka kufanya Uogeshaji. Wanasimama kwenye ngazi, kando ya lile bomba linalonyonya, wanainama, wanachovya ndevu zao kisimani, wanazisugua, wanazikamua. Wanasema ndevu zilizooga kwenye maji ya pampu huielewa pampu. Nyuma yao wanasimama wasichana na mataulo. Mheshimiwa akiinuka, msichana anampangusa. Akimaliza, mheshimiwa anaitazama pampu kwa muda, anasema "Mm," na kupanda zake mlimani. Hiyo ndiyo inayoitwa huko kufanya ukaguzi.

Mkubwa wa waheshimiwa alikuwa Bwana Ndaro, Mkuu wa Idara ya Ndevu. Zake zilikuwa nyekundu kwa hina, zimechanwa zikaelea kifuani kama mkia wa jogoo. Idara yake ilikuwa kubwa kupita idara zote. Ilipima ndevu, ilitunza ndevu, ilisuluhisha ndevu. Vinyozi walikuwa wamefukuzwa nchini zamani, na wembe wa mwisho uliwekwa gerezani, kwenye chumba chake peke yake, na mlinzi.

Baraza la mji lilikuwa na pande mbili zisizosalimiana. Upande wa Urefu walisema hekima ya mtu hupimwa kwa urefu wa ndevu. Upande wa Unene walisema urefu ni majivuno, la maana ni unene. Kwa kuwa pande zote mbili zilikuwa sawa kwa idadi, ilibidi atafutwe mjumbe wa kati asiye na upendeleo, mwenye ndevu zisizotiliwa shaka. Akapatikana Mheshimiwa Shungi. Huyu alikuwa beberu.

Naam, mbuzi dume, mwenye pembe. Alikaa kwenye kiti chake cha mbao karibu na dirisha, na jambo lolote likishindikana aliulizwa yeye. Akilia mara moja, maana yake amekubali. Akilia mara mbili, amekubali kwa msisitizo. Hajawahi kukataa kitu, na kwa sababu hiyo alisifiwa kuwa mjumbe mwenye busara kuliko wote.

Mwanamke mmoja tu alisikika Kidevuni, naye aliitwa Bi Arafa. Alikuwa mhandisi wa Pampu Kuu. Alifaulu mitihani yote ya chuo cha maji, akawa wa kwanza, na Idara ikakosa la kufanya. Ikamwazima ndevu za serikali. Zilikuwa za katani, zimesukwa vizuri, zenye kamba mbili za kufungia nyuma ya masikio. Akizivaa, watu husema, "Mhandisi amesema." Akizivua, watu hutafuta mlango unaolia.

Huyu Bi Arafa ndiye aliyempa Somoe mahali pa kulala. Jioni ya kwanza aliingia ndani, akavua kanga ya juu, akavua viatu, mwisho akazivua ndevu na kuzitundika kwenye msumari. Chini yake kidevu kilikuwa chekundu, kimejaa vipele.

"Usinitazame hivyo, mwanangu," akasema huku akijikuna kwa mikono yote miwili, macho ameyafumba kwa utamu. "Hizi ndevu ni adui wa nyumbani. Ukila mchuzi, zinakula kwanza zenyewe. Ukicheka, zinakuchoma. Na jua likiwaka, we! Utadhani umefunga kidevu ndani ya gunia."

"Kwa nini usiwaambie zinawasha?"

"Niwaambie kwa mdomo upi? Wenye ndevu, ndevu ziko kazini, siwezi kuzisema. Usio na ndevu hausikiki." Akacheka, cheko la mtu aliyezoea. Akampakulia Somoe mihogo ya nazi na kipande cha papa, akakaa chini mkekani. "Haya, na wewe? Umefuata nini huku hasa? Maana mataulo hata kwenu yapo."

Hapa ndipo pa kusema, nanyi mnaona. Mwenye nyumba ni mhandisi, hana ndevu usoni, masikio yake yapo wazi. Neno lilimfika Somoe kooni kabisa. Akalimeza na muhogo.

"Nimekuja tu kutembea," akasema.

Bi Arafa akamwangalia kidogo. "Haya. Kutembea nako ni kazi," akasema, akamwongezea mchuzi.

Siku zikaenda. Somoe alipangusa ndevu ndefu na ndevu nene, na huku anapangusa, macho yake yalikuwa bandani. Alijifunza mlio wa pampu kama mtu anavyojifunza sauti ya jirani. Ikiwa na afya ilinguruma chini chini, kama paka aliyeshiba. Kisha asubuhi moja ikaanza kukohoa. Ikakohoa, ikatoa sauti kama mtu anayetafuna kokoto, bomba la juu likatoa mate mate, na kule mlimani mabomba yote yakakauka.

Hapo ndipo nchi ilipoonyesha ukubwa wake. Baraza liliitwa palepale kando ya kisima, viti vikaletwa, na Mheshimiwa Shungi akaletwa na kiti chake.

Mtaniuliza, kwa nini hawakuanza kutengeneza? Kwa sababu ya sheria ya pili. Sheria ya pili ya Kidevuni inasema ndevu zilizokosea hunyolewa. Mtu akitoa rai kuhusu mashine, rai ikawa si kweli, wembe unatolewa gerezani. Basi kila mwenye elimu alikuwa amejifunza kusema maneno ambayo hayawezi kukosea.

Msemaji wa Urefu akasimama. "Waheshimiwa, baada ya kuichunguza kwa kina, rai yangu ni kwamba pampu haisukumi maji kwa sababu imeacha kuyasukuma."

Makofi.

Msemaji wa Unene akasimama. "Mwenzangu ameona nusu. Mimi naenda mbali zaidi. Ingekuwa inasukuma, tusingekuwa hapa."

Makofi makubwa zaidi.

Kila mmoja akataka kuonekana naye ameikagua. Wakashuka ngazi mmoja mmoja, wakainama juu ya bomba, wakachovya, wakasugua, wakakamua, wakasema "Mm." Na kila aliposhuka mmoja, pampu ilizidi kukohoa. Mwishowe ikanyamaza kabisa, mota ikazimwa isije ikaungua.

Mji haukufa kwa kiu, msiogope. Wanawake walichukua ndoo wakateremka bondeni, wakajitwika, wakapanda. Asubuhi wanapanda, jioni wanapanda, shingo zikawauma, watoto wakachelewa kula. Bwana Ndaro alisimama juu akawaona wamejipanga mlimani, akatangaza, "Wananchi, hakuna sababu ya hofu. Maji yanapanda mlima kama kawaida."

Bi Arafa aliposikia hayo aliuma kamba ya ndevu zake. Somoe, aliyekuwa kando na taulo, akamsogelea.

"Mama, kwa nini usijaribu kitu?"

"Nikijaribu nikakosea, zinarudi Idara. Zikirudi Idara, mimi ni mlango unaolia mpaka kufa, na pampu anakabidhiwa yule anayesema ingekuwa inasukuma tusingekuwa hapa. Wewe ungejaribu nini?"

"Mimi nadhani inanyonya hewa," Somoe akanong'ona. Mikono ilikuwa imekwishaanza kucheza. "Mahali bomba lilipoungana. Kama pana ufa mdogo, inavuta hewa badala ya maji. Ndiyo maana inatafuna. Tukipaka donge la unga wa ngano uliokandwa kwenye maungio, tukaiwasha, kama ufa upo unga utavutwa ndani na mlio utabadilika."

Bi Arafa akamwangalia kwa namna nyingine kabisa. "Na kama umekosea?"

"Tutakuwa tumejua si pale."

"Watakunyoa."

Somoe akajishika kidevu, laini kama embe. "Watanyoa nini?"

Kicheko kikampanda Bi Arafa kutoka tumboni, akacheka mpaka ndevu za serikali zikamhamia sikioni. Alipata akili ambayo nchi nzima ilikuwa haijaipata: asiye na ndevu ana ruhusa ya kukosea. Walimnyima sauti, wakasahau kumnyima hiyo.

"Kakande unga," akasema.

Basi mngeona! Wazee wa mji wamekaa vitini, na binti mshika taulo amepiga magoti bandani anabandika unga kwenye bomba kama anayetengeneza maandazi.

"Yule anapika nini pale?" akauliza Bwana Ndaro.

"Ni shughuli za kike," akajibu wa Unene. "Tusiingilie."

Mota ikawashwa. Pampu ikatafuna kokoto zake vilevile. Somoe akaweka sikio, akahamisha unga kiungio cha pili, kiungio cha tatu. Hakuna kilichobadilika. Unga haukuvutwa hata kidogo. Ulikaa pale umenuna.

Somoe akasimama, mikono imejaa unga, unga mpaka puani. "Nimekosea!" akasema kwa sauti, na kwa kuwa unga ule ulikuwa umekaa kichekesho sana, akacheka.

Baraza zima likageuka. Kikombe cha mtu kikaanguka. Neno lile lilikuwa halijatamkwa Kidevuni tangu wembe uwekwe gerezani, na wengine walikuwa hawajalisikia maishani mwao.

"Nani amesema hivyo?" akauliza wa Urefu.

"Mlango," akasema wa Unene, lakini bila uhakika. "Mlango leo umesema neno zima."

"Amekosea, na anacheka," akasema Bwana Ndaro polepole. "Na kidevu chake kipo palepale."

Somoe hakuwa na muda nao. Alikuwa anamwambia Bi Arafa, anahesabu kwa vidole vyenye unga. "Hewa hainyonywi, hilo tumelijua. Kisima kimejaa, naona maji mpaka ngazi ya juu, kwa hiyo maji yapo. Mota inazunguka. Sasa maji yapo, pampu inazunguka, na maji hayaingii. Basi kuna kitu kimeziba mlangoni mwake."

"Chujio," akasema Bi Arafa.

"Chujio!" akasema Somoe.

Mwisho wa bomba linalonyonya, chini ndani ya maji, kulikuwa na chujio la chuma lenye matundu, la kuzuia majani yasiingie. Kulifikia ilibidi mtu alale kifudifudi kwenye ngazi na kuzamisha mkono mpaka begani. Bi Arafa akalala. Ndevu za katani zikashuka majini mbele yake, zikaelea, na mota ilikuwa bado inavuta kidogo kidogo. Akaziona kwa macho yake zinavutwa, uzi mmoja mmoja, kuelekea kwenye chujio.

Kisha akainuka, na mbele ya Baraza lote, mbele ya Urefu na Unene na beberu, akafungua kamba ya sikio la kulia, akafungua ya kushoto, akaziweka ndevu za serikali juu ya jiwe. Halafu akajikuna. Alijikuna hadharani, kwa mikono miwili, kwa raha, mpaka wasichana wa mataulo wakapiga vigelegele.

"Mota izimwe!" akasema. Hakuna aliyesikia, kwa sheria, isipokuwa Somoe, akaenda akaizima.

Walilala wote wawili kwenye ngazi, wakafungua chujio, wakalivuta juu. Wenzangu, lilitoka na mnyama. Mtu angeapa kwamba ni mnyama. Lilikuwa fungu la nywele kubwa kama kuku wa kienyeji, limesokotana, linachuruzika maji. Somoe akalitandaza kwenye taulo lake jeupe. Ndani yake mlikuwa na ndevu nyeupe, ndevu nyeusi, ndevu za mvi, ndevu ndefu na ndevu nene zimekumbatiana vizuri kuliko wenyewe walivyowahi. Mlikuwa na nyuzi za katani. Na katikati, wazi kabisa, shada zuri la ndevu nyekundu zenye hina.

Hakuna aliyesema "Mm."

Wakasuuza chujio, wakalirudisha, wakajaza bomba maji, Somoe akawasha mota. Pampu ikakohoa mara moja, kama mzee anayesafisha koo kabla ya hotuba. Kisha ikanguruma chini chini. Bomba la juu likatetemeka, na baada ya muda kidogo wakasikia kelele kutoka mlimani: wanawake wanapiga ndoo zao kwa vijiko, watoto wanarukaruka chini ya mabomba na nguo zao mwilini. Mwanamke mmoja aliyekuwa katikati ya mlima na ndoo kichwani akasimama, akafikiri, akajimwagia yote mwilini akarudi nyumbani anaimba.

Baraza likabaki na kesi. Sheria ya pili ilikuwa wazi: ndevu zilizokosea hunyolewa. Ndevu zilizokosea zilikuwa mezani, yaani tauloni, na zilikuwa za kila mtu.

"Wanyolewe wa Unene," wakasema wa Urefu. "Zao ndizo zilizoziba."

"Wanyolewe wa Urefu," wakasema wa Unene. "Zao ndizo zilizofika kwanza."

"Tukinyolewa wote," akauliza mmoja, "nani atasikika akitoa hukumu?"

Wakakwama. Wakamgeukia Mheshimiwa Shungi, wamsikie. Mheshimiwa hakuwapo kitini. Alikuwa pale kwenye jiwe, shingo ameinyoosha, taya zinakwenda kushoto na kulia, na mdomoni mwake ilikuwa inaning'inia kamba moja ya sikio. Akaimeza. Akalia mara mbili.

"Amekubali kwa msisitizo," akasema karani, kwa mazoea.

Basi ikawa hivi: ndevu za serikali zimo tumboni mwa mjumbe wa kati. Mhandisi pekee anayeijua pampu amesimama kidevu wazi, anatabasamu. Pampu inanguruma nyuma yake, maji yanapanda. Bwana Ndaro alimtazama Bi Arafa, akaitazama pampu, akashika ndevu zake nyekundu, akakuta pengo upande mmoja. Wote walimwangalia yeye. Kusema hasikii, atakabidhi pampu kwa nani? Kusema anasikia, ofisi yake ya nini?

Lakini nitampa haki yake, maana mtu akifanya jambo zuri lazima litajwe. Alisema, "Bi Arafa. Sema. Nasikia."

"Mimi nimesema miaka mingi kwa sauti ya katani, Bwana Ndaro," akajibu Bi Arafa, na sauti yake ilikuwa nyembamba na nzuri kuliko walivyodhani. "Leo ninachosema ni kimoja. Uogeshaji ufanyike nje ya kisima, mbali na bomba langu. Mengine muulizeni huyu. Yeye ndiye aliyekosea."

Bwana Ndaro akamgeukia Somoe. "Binti huyu ametufaa. Lazima apewe zawadi." Na ulimi wa mazoea ni mgumu kukata, akaendelea bila kupumua, "Anataka taulo jipya. Au anataka mume, tunao vijana wenye ndevu nzuri. Au awe mkuu wa washika taulo wote, hicho ni cheo ki..."

"Bwana Ndaro," akasema Bi Arafa.

"Naam?"

"Umemuuliza?"

Bwana Ndaro akasogea, akainama kidogo mbele ya msichana aliyejaa unga, na kwa mara ya kwanza tangu ashike kazi akauliza swali na kungoja jibu.

"Mwanangu, unataka nini?"

Somoe akatazama chini, kwa adabu aliyofunzwa. Aliona vidole vyake vya miguu, matope, unga uliokauka. Macho hayakupata cha kumsaidia huko. Akayainua, akawatazama wote, Urefu na Unene na wasichana wenye mataulo na Bi Arafa anayejikuna polepole, na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Nataka kusoma chuo cha maji," akasema. "Hicho ndicho nilichokifuata tangu siku ya kwanza langoni. Nataka kusoma mpaka niweze kuchora pampu yangu mwenyewe, nikosee, niichore tena."